Kumtia Kaka Kwenye Picha ya Idi

Kitu cha kwanza nilichojifunza kwenye picha za kubuni ni kwamba mtu asiye na kivuli anaelea. Unaweza kumkata vizuri kutoka picha moja, ukamweka kwenye nyingine, ukasafisha kingo zake zote, na bado kila anayetazama atasema pana kasoro bila kujua iko wapi. Iko miguuni. Mwalimu wangu ni kijana wa pwani ninayemfuata kwenye simu, na yeye hajui hata kama nipo duniani. Karibu kila somo alilirudia jambo hilo: weka kivuli, mpendwa, weka kivuli. Nikamtii. Laiti ningekuwa mwanafunzi mzito kidogo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kamembe, mji wa mpakani juu ya ziwa, kwenye njia ya kushukia sokoni. Picha si kazi yangu na sijawahi kuitafuta iwe kazi. Ni ugonjwa ulionishika niliponunua simu iliyotumika, na simu hiyo ikawa na kamera nzuri kuliko mwenyewe nilivyostahili. Nilianza kupiga vilivyo mbele yangu: mikono ya wateja ikipapasa kitambaa, wanawake wakipanda kutoka ziwani na ndoo za sambaza, dagaa wa huku, malori ya saruji yakinguruma kwenye mlima wa kutoka Muganza. Nilidhani ni picha nzuri. Hakuna aliyezitazama mara mbili. Watu wa kwetu hupenda picha ambayo wao wenyewe wamo, na ukiwaonyesha lori watakuuliza lori hilo ni la nani.

Halafu zikaja mvua, na mvua ya huku haina adabu. Ikianza saa sita, mchana wote umekwisha. Wateja hawaji. Nikakaa kibandani na programu ya bure kwenye simu nikijifunza kukata na kuunga. Fundi cherehani ana nafuu yake kwenye mambo hayo. Programu hupanga picha kwa matabaka, moja juu ya jingine, kama bitana chini ya koti, na kazi yako ni kuficha mahali yanapokutana. Mshono mzuri ni ule usioonekana. Hilo nililijua tangu utotoni, sikuhitaji kijana wa pwani kunifundisha.

Kazi zangu za kwanza zilikuwa kichekesho. Nilimkalisha shangazi yangu wa Gashonga juu ya parachichi kubwa kama nyumba, likielea ziwani, naye ameshika mwavuli. Nilimpandisha jirani yetu wa pikipiki hadi kwenye mwezi, juu ya kanisa la Cyangugu, na gurudumu moja likawa kubwa kuliko jingine kwa sababu sikujua kulirekebisha. Nilizituma kwenye kundi la familia kwenye simu. Ndugu wa Gashonga, wa Bukavu, wa Bujumbura, wote walicheka wakaomba na wao wawekwe mahali. Shangazi alimwonyesha kila mtu lile parachichi hadi wakamchoka. Kwa muda fulani nilikuwa mtu wa furaha katika ukoo wetu, nafasi ambayo sikuwahi kuwa nayo, maana mimi nina mdomo na watu hunikwepa.

Lakini mtu hatosheki na kuchekesha. Nilitaka kujua zaidi. Nikajifunza kusoma mwanga unatoka upande gani, na kwamba mtu aliyepigwa picha asubuhi hawezi kusimama kwenye alasiri bila kubadilishwa rangi ya ngozi. Nikajifunza kwamba picha ya simu ya zamani ina chenga, na ukiiweka kando ya picha safi inajisema yenyewe, kwa hiyo unaitia chenga hiyo safi pia, ama unaisafisha ile ya zamani hadi zifanane. Nikajifunza vivuli viwili: kile cheusi kinachogusa kiatu, na kile hafifu kinachotawanyika. Nilikosea kwa miezi. Siku nilipoweza, nilijua nimeweza, na nilijisikia vizuri sana, niliimba kibandani peke yangu.

Sasa nimseme kaka yangu. Alikuwa mchuuzi wa vitenge, mkubwa wangu, tuliyechangia naye mabega mapana na hasira za karibu. Alivuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kama wengine wanavyovuka barabara, asubuhi na mzigo, jioni mikono mitupu na maneno mengi. Siku aliyokwenda hakutuaga kwa namna yoyote ya pekee. Alilalamika kwamba chai haina sukari, akaondoka. Alikuwa apite Bukavu, kisha achukue boti hadi vijiji vya mbele ambako vitenge vilikuwa adimu. Wiki hiyohiyo vurugu zikaanza ng'ambo, mpaka ukafungwa, simu yake ikawa inaita bila kupokelewa, halafu ikaacha hata kuita. Mpaka ulipofunguliwa tulikwenda kuuliza bandarini, hospitalini, misikitini, na kwa watu aliozoea kulala kwao. Kila mtu alikuwa amemwona. Hakuna aliyejua alikoelekea baada ya hapo.

Msiba una utaratibu wake. Watu huja, majamvi hutandikwa, kisomo husomwa, chakula hupikwa kwenye masufuria ya kuazima, na siku zikitimia mfiwa anaruhusiwa kuchoka. Sisi hatukupewa hayo. Hatuna kaburi. Mama alikataa kisomo, akakataza neno marehemu lisitamkwe nyumbani kwake, na aliyelitamka kwa bahati mbaya alitolewa nje na kikombe chake cha chai. Mimi nilikwisha kukata tamaa zamani. Nililia peke yangu nikishona, maana cherehani ina kelele za kutosha. Kuishi na mtu anayengoja, wakati wewe hungoji tena, ni upweke ambao sijui niueleze vipi.

Aliyeteseka zaidi ni wifi yangu, mke wa kaka. Aliachwa na binti anayenyonya. Alikaa nasi akingoja, akipika, akiitikia kila Mama aliposema leo nimeota amerudi. Tulipendana, mimi na yeye. Tulitaniana kama mawifi wanavyopaswa kutaniana, nikamwita mvivu naye akaniita mkavu. Nilimwona akikonda mbele ya macho yangu. Mwishowe wazazi wake wakamchukua Muganza akapumzike, na huko binti akaanza kutembea, akaanza kusema. Muda ukapita. Bwana mmoja anayefanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha saruji, mjane, mtu mtaratibu kwa habari zote nilizozisikia, akatuma watu kumposa. Shehe wa kule alikuwa amekwisha kuisikiliza habari ya wifi kutoka mwanzo hadi mwisho na kumfungulia njia ya kuolewa tena.

Wifi alinipigia simu mimi kabla ya mtu mwingine yeyote upande wetu, akaniuliza nasemaje. Nilimwambia aolewe. Nilimwambia hapohapo, bila kuzunguka, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuona maisha ya mwanamke mzima yakikaa kama nguo iliyoshonwa na mwenyewe haji kuichukua. Hicho ndicho nilichokitaka na nakisema wazi: nilitaka wifi yangu aolewe na yule bwana, aondoke kwetu kwa moyo mweupe, na binti apate mtu wa kumwita baba. Alilia, akanishukuru, akasema atamwambia Mama mwenyewe kwa adabu zote. Na alimwambia. Alimtajia hata siku watu wa bwana watakapokwenda kwao kuzungumza mahari, Jumamosi baada ya Idi. Mama alimjibu kwamba amesikia.

Kwetu Idi ina kitambaa. Kila mwaka Mama huchagua jora moja la kitenge, na mimi hushona ukoo mzima kutoka jora hilo, walio karibu na walio mbali; za mbali hutangulia kwa basi au kwa boti. Asubuhi wanaume huvaa kanzu kwenda kuswali, lakini alasiri kila mtu huvaa kitambaa, anapiga picha mlangoni kwake, na picha zote hukutana kwenye kundi la familia. Nguo hiyo ndiyo inayosema nani ni wetu. Ukitaka kujua nani kaolewa, nani kagombana, nani kasamehewa, tazama aliyevaa na asiyevaa. Na tangu kaka apotee, kila mwaka Mama aliniamuru nimshonee na yeye shati lake. Nilishona. Mashati yakakaa kabatini yamekunjwa, hayajawahi kugusa jasho la mtu, na sijawahi kuchukia nguo yoyote kama nilivyozichukia zile.

Mwaka huu wifi alituma ujumbe kwamba yeye asishonewe, ashonewe mtoto tu. Alikuwa sahihi, angevaaje kitambaa chetu akienda kwa mume mwingine? Mama aliusikiliza ujumbe ule mara mbili, akarudisha simu kwenye meza, akaendelea kuchambua maharage. Nikajidanganya kwamba amekubali. Siku chache baadaye akaja kibandani kwangu, yeye ambaye haji kwa sababu ya magoti na mlima, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaomba maji. Alipomaliza kunywa ndipo akasema.

"Weye unapandishaka bantu mpaka ku mwezi. Mutoto wangu, hata kumusimamisha ku mulango ya kwao utashindwa?"

Nilimwambia hiyo ni michezo, Mama. Akasema anajua ni michezo, yeye si mjinga, anataka tu awe na kitu cha kutazama. Alisema picha zote alizo nazo za kaka ni za kijana, na kijana yule hamwonyeshi tena mwanawe alivyo sasa. Alisema hatamwonyesha mtu. Sasa mtu anikosoe: mama mzee anakuomba kumwona mwanawe, na wewe ndio kwanza umejifunza kivuli. Kilichonikubalisha ni huruma, kweli, lakini pia vidole vilikuwa vinaniwasha. Nilitaka kuona kama naweza.

Idi ile tulikuwa wawili tu nyumbani. Shangazi alikuwa na maumivu ya goti kule Gashonga, wengine kila mmoja kwake. Tuliswali, tukala, alasiri nikamweka Mama kwenye kiti mlangoni. Nikaweka simu juu ya stuli na ndoo, nikaitega ijipige yenyewe, nikasimama upande wake wa kushoto na gauni langu. Hiyo ikawa picha ya kwanza. Kisha, jua lisije likahama, nikaingia ndani mbio, nikavua ushungi, nikavaa shati la kaka la mwaka huu na suruali yake, nikarudi kusimama upande wa kulia. Shati lilinikaa sawasawa, maana nililipima kwenye mabega yangu siku zote. Sikuwa na mengine ya kulipimia. Mama alinyoosha mkono akashika mkono wa shati. Hakunitazama usoni hata kidogo. Aliushika hivyo kwa muda mrefu baada ya simu kumaliza kupiga, nami nikasimama, nikiogopa kupumua kwa nguvu.

Siku zilizofuata niliifanya kazi ile mvua ikinyesha. Kiwiliwili kilikuwa changu, kilichobaki ni kichwa. Nikakichukua kutoka picha ya Idi ya mwisho aliyokuwa nasi, anacheka kidogo, amegeukia upande unaofaa. Nilipomwonyesha Mama, akatikisa kichwa.

"Usimuache vile alikuwaka. Ye pia amezeeka. Umutie mvi ku ndevu. Na mashavu umupunguze, kule habakulake chakula muzuri."

Programu ina kifaa cha kusukuma, unapitisha kidole na nyama inarudi nyuma. Nikamkondesha kaka yangu kwa kidole changu mwenyewe. Nikamchimbia macho kidogo. Nikamtia mvi moja moja, nyingine kidevuni, nyingine juu ya sikio ambako baba yetu alianzia. Kila nilipokosea kidogo alikuwa mtu mwingine, mgeni, na kila nilipopatia alinitazama, nikalazimika kuweka simu chini na kutoka nje kwenye mvua. Nilimzeesha mtu ambaye moyoni mwangu nilikuwa nimekwisha kumzika. Mwisho nikaweka kivuli, kile cheusi chini ya kiatu na kile hafifu kilichoangukia ukuta wa mlango, upande uleule na kivuli cha Mama. Akasimama. Aliacha kuwa picha iliyobandikwa akawa mtu aliyerudi nyumbani kutoka mahali pabaya.

Niliituma kwenye simu ya Mama siku ya Ijumaa. Aliipokea, akaipanua kwa vidole viwili, akaigusa uso. Hakulia. Nilimkumbusha kwamba ni ya humu ndani tu, akanijibu kwa kichwa. Nikaenda kulala nikiwa na moyo mzito, lakini pia, Mungu anisamehe, nikiwa na fahari.

Asubuhi ya Jumamosi simu yangu ililia kabla sijafungua kibanda. Binamu wa Bujumbura alikuwa analia kwa furaha na sikuelewa neno hata moja. Nikafungua kundi la familia. Mama alikuwa ameiweka picha humo alfajiri, na chini yake sauti yake mwenyewe, fupi na tulivu: "Muangalie mutoto wangu." Basi. Chini ya hapo zilikuwa zimejaa Alhamdulillahi, mikono ya dua, watu wakiuliza amefika lini, alikuwa wapi, kwa nini amekonda hivyo. Binamu wa Bukavu alikuwa ameandika jambo ambalo sitalisahau: tazameni, amevaa kitambaa cha mwaka huu.

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Kama ningechukua shati la zamani, kila mtu angelitambua. Kama ningemwacha na mashavu yake, wangesema fundi ameanza tena mambo yake. Lakini jora lile lilichaguliwa mwaka huu, na hakuna aliyelivaa isipokuwa kwa Idi hii. Kwa watu wetu hakuna ushahidi zaidi ya huo. Nikaandika haraka kwamba picha ni ya kutengeneza, kaka hajarudi, tafadhali. Mmoja akanijibu kwa vicheko, akasema leo usitutanie, leo ni siku ya shukrani. Walionizoea kwa uongo wangu wa maparachichi hawakuniamini nilipowaambia ukweli.

Nikampigia wifi. Simu yake haikupatikana. Nikapiga tena na tena nikitembea kuelekea nyumbani, na nilipofika nikakuta shangazi amekwisha kushuka kwenye pikipiki kutoka Gashonga, na goti lake lile bovu, amebeba jogoo na mkungu wa ndizi za kumkaribisha mpotevu. Ilinibidi nimwambie mimi. Alikaa chini uani palepale kwenye simenti, jogoo akiwa bado mapajani mwake, akaniuliza kama nina hakika. Mama alikuwa jikoni, anapika pilau.

Nilimfuata jikoni nikamwuliza kwa nini. Sikuuliza kwa upole. Alijibu bila kugeuka kwamba hakumdanganya mtu. Alisema muangalie, na watu wameangalia. Nikamwambia leo ni Jumamosi, Mama. Akasema anajua leo ni siku gani. Mpaka leo sijui ni kiasi gani alikusudia na ni kiasi gani alikuwa ameiamini picha ile yeye mwenyewe usiku kucha. Nimejaribu kumchukia kwa hilo nikashindwa, nikajaribu kumsamehe, nako nikashindwa.

Wifi alifika alasiri. Pikipiki ilisimama, binti akiwa katikati, begi kubwa limefungwa nyuma, na juu ya begi kiroba cha mchele. Baadaye nilielezwa jinsi ilivyokuwa. Watu wa yule bwana walikuwa wamekwisha kuketi sebuleni kwa wazazi wake, soda zimefunguliwa, wakati dada yake alipoleta simu. Wifi aliitazama ile picha, akatoka chumbani, akasimama mbele ya wageni akawaambia mume wake yuko hai. Yule bwana aliinuka, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akawataka watu wake wawaache familia na furaha yao. Kiroba kile cha mchele ni yeye aliyekitoa, apelekewe mtu aliyerudi amekonda.

Alishuka akiwa amejipaka wanja. Aliingia mlangoni akinipita, akatazama sebule, akatazama mlango wa chumba, akanigeukia.

"Eko wapi?"

Shangazi ndiye aliyeanza kulia, na wifi akaelewa kwa kilio kile. Alikaa kwenye kochi taratibu, akaweka mikono mapajani. Mama akatoka jikoni akifuta mikono, akamwambia karibu ku kwako, mukwe wangu, akampokea mtoto, akampeleka kunawa ale pilau. Shangazi akawafuata, sisi wawili tukabaki. Wifi akaniuliza, sauti ikiwa ya kawaida kabisa, iwapo shati lile nililivaa mimi.

Nikamwambia ni mimi.

"Nilionaka mu njia," akasema. "Nilikuwa naangalia ile mabega. Nikasema, haya ni mabega ya wifi yangu. Halafu nikasema hapana, Mungu anaweza."

Nilimsihi arudi Muganza jioni hiyohiyo. Nilimwambia nitakwenda naye, nitapiga magoti mbele ya wazazi wake na mbele ya yule bwana, nitaeleza kila kitu, nitawaonyesha kwenye simu tabaka kwa tabaka jinsi nilivyofanya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba alipowaambia wageni kwamba mume wake yuko hai, alisikia maneno yanatoka tumboni, na kwamba mwanamke aliyetoa maneno yale mbele ya mwanamume mwema hawezi kurudi kwake na kusema nilikosea, nipokee. Wazazi wake walisema hivyohivyo, kwa ukali zaidi. Nilikwenda Muganza peke yangu wiki iliyofuata. Yule bwana alinipokea vizuri, akanisikiliza akiwa na vumbi la saruji kwenye nyusi, akasema ni amri ya Mungu, akaniuliza tu kama wifi anakula. Mvua hazijakata tulisikia ameoa kwingine.

Wifi sasa anakaa nasi. Kibandani ananisaidia kutoboa matundu ya vifungo na kukunja pindo. Anaongea kidogo, sijamwita mvivu tena na yeye hajaniita mkavu. Jioni Mama huweka simu katikati ya meza, na wote watatu huitazama picha ile kama wengine wanavyotazama habari. Mama anamwonyesha mtoto: huyu ni papa, baba yako, amerudi, ametoka kidogo, anakuya. Nilifuta programu. Niliifuta usiku wa Jumamosi ileile, pamoja na masomo yote ya kijana wa pwani, na nikasema sitapiga picha tena.

Juma lililopita wifi alikuja kwangu akiwa amevaa gauni la kitambaa cha mwaka huu. Alikuwa amejishonea mwenyewe kutoka kwenye kipande kilichobaki, bila kuniambia. Akaniomba kitu kimoja. Alisema picha ile ina kaka, Mama na mimi; wao, yeye na binti, hawamo.

"Utuweke na siye," akasema.

Nilimwambia nimeacha. Nilimwambia wewe unajua, wewe uliyaona mabega. Akasema anajua. Akasema haombi mtu arudi, anaomba picha tu. Niliyatazama macho yake nikamwona Mama ndani yake, na nikajua kwamba yule mwanamke aliyenipigia simu kuuliza nasemaje hayupo tena, na hayuko mahali ambapo mtu anaweza kwenda kumwulizia.

Nikaitoa simu. Jua lilikuwa la alasiri, mlangoni. Wifi alisimama akanyoosha gauni, na binti akamkimbilia akamkumbatia mguu kama watoto wanavyofanya.

"Sogea kidogo, maman," wifi akamwambia binti kwa kumbembeleza. "Acha nafasi ya papa."

Mtoto hakuuliza. Alisogea hatua moja kwa uangalifu, akasimama wima, akanyoosha mkono wake pembeni, na vidole vyake akavifumba hewani, juu kidogo, usawa wa mkono wa mtu mzima. Nikapiga.